Sura ya Nne: Mdudu, Jani na Mlima

Ukitoka uwanda wa Kitulo, ulioinuka karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ukashuka kwa njia ya Isyonje na Tukuyu mpaka Kyela kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, utakuwa umeteremka zaidi ya mita 2,000 katika safari ya siku moja. Huko juu utaacha mashamba ya pareto na viazi mviringo. Katikati utapita chai, kahawa na migomba, na chini utapokewa na kakao na mpunga. Msafiri yeyote huona mazao yakibadilika. Wachache huona kwamba walaji wa mazao hayo nao wanabadilika hatua kwa hatua, na kwamba mabadiliko yao yana sheria zake.

Sura hii inafuata swali moja: ni nini kinachoamua mdudu gani ale mmea gani, wapi, lini, na kwa kiasi gani? Wengi wetu tumezoea jibu fupi, kwamba mdudu yupo kwa sababu shamba halijapigwa dawa. Jibu hilo limewagharimu sana wakulima wa Mbeya na Iringa, na si la kweli. Mdudu yupo kwa sababu joto limemruhusu kukua, mvua imemletea jani changa, kemia ya jani haikumshinda, majirani wa mmea hawakumpoteza njia, na maadui zake wamepungua. Likikosekana moja tu kati ya hayo, mara nyingi hasara huwa ndogo.

Baridi na mipaka yake

Mdudu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata hewa inayomzunguka. Kukiwa na joto hula, hukua na kuzaa haraka. Kukiwa na baridi mambo yote huenda polepole, na chini ya kiwango fulani ukuaji husimama kabisa. Kwa makadirio ya kawaida, kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa sehemu sita za kumi za nyuzi moja ya Selsiasi. Maana yake ni kwamba kati ya Kyela na Kitulo kuna tofauti ya nyuzi 12 hivi, tofauti inayotosha kutenganisha jamii za wadudu.

Chukua mfano wa bungua wa mahindi, yule funza anayetoboa bua na kuua kiini cha mche. Wakulima wa Mbozi, Mbarali na Kilolo wote wanamjua, lakini bungua si mmoja. Sehemu za juu zenye baridi ni makao ya Busseola fusca, nondo mzaliwa wa Afrika aliyekuwa akila mtama na nyasi za porini kabla mahindi hayajafika barani. Mabondeni kwenye joto anatamba Chilo partellus, mgeni kutoka Asia aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza nchini Malawi katika miaka ya 1930. Hata tabia zao hutofautiana. Busseola huficha mayai yake kati ya ala ya jani na bua, ilhali Chilo huyataga juu ya jani, peupe. Mkulima wa mlimani anayekagua majani ya juu tu anaweza kudhani shamba lake ni salama, kumbe mayai yamekaa ndani.

Mfano wa pili ni viwavijeshi vamizi. Asili yao ni Amerika. Walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wameshafika Tanzania. Kwenye joto la nyuzi 28 hivi, safari ya yai mpaka nondo huchukua mwezi mmoja. Kwenye baridi huchukua miezi miwili au hata mitatu. Kwa hiyo mahindi ya bondeni yanayokomaa kwa miezi minne yanaweza kupitiwa na vizazi vitatu vya kiwavi huyu, kila kizazi kikizidisha kilichotangulia. Mlimani mahindi hukaa shambani muda mrefu zaidi, lakini vizazi ni vichache. Dozi ya dawa na ratiba iliyopangwa kwa ajili ya bonde haina sababu ya kufuatwa neno kwa neno huko juu.

Mipaka hii inategemea joto, na joto linapanda. Ruhuni, mbawakawa mdogo anayetoboa tunda la kahawa na kuzaa ndani ya buni, kwa miaka mingi alikuwa tatizo la kahawa ya chini. Katika miteremko ya Kilimanjaro ameshaonekana akipanda juu kuliko alikozoeleka. Wakulima wa Mbozi na Rungwe, ambao kinga yao kubwa dhidi ya ruhuni imekuwa ubaridi wa mahali pao, wanapaswa kulitazama hilo kwa makini. Kinga iliyotolewa na mwinuko haikuwagharimu kitu, na ikiondoka watailipia.

Kalenda ya mvua

Kaskazini mwa nchi wana vuli na masika. Sehemu kubwa ya Mbeya na Iringa ina msimu mmoja tu: mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, ingawa miteremko ya Rungwe hupata mvua muda mrefu zaidi. Kiangazi kinachofuata huchukua karibu nusu ya mwaka. Kwa mdudu anayeishi kwa majani mabichi, miezi hiyo ni njaa, na kila jamii imepata namna yake ya kuivuka.

Busseola hulala. Kiwavi wa mwisho wa msimu hubaki ndani ya bua lililokauka, mwili wake ukitumia nguvu kidogo mno, akisubiri kwa miezi. Mvua mpya zinapolowesha bua, huamka, hugeuka bundo, na nondo hutoka wakati ambao mahindi mapya yameshaota. Ndiyo maana hatima ya mabua baada ya mavuno ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Bua lililosimamishwa kama ua, au lililorundikwa kivulini, huhifadhi funza wa mwakani. Bua lililolazwa juani kwa wiki kadhaa, likaliwa na ng'ombe au kufukiwa, huwaua wengi wao. Anayetumia mabua kama matandazo ya kutunza unyevu, jambo jema kwa udongo, ayakatekate na kuyatandaza yapigwe na jua.

Viwavijeshi wa asili, jamaa wa Kiafrika wa wale vamizi, hawalali. Wao husafiri. Nondo zao huruka usiku, huchukuliwa na upepo, na hukusanyika pale dhoruba za mvua zinapokutanisha hewa. Hutaga kwenye nyasi na nafaka changa, kwa sababu chakula chao ni jamii ya nyasi tu. Milipuko mikubwa hutokea mvua zinapoanza baada ya ukame. Wakati huo nyasi zimechipua kwa pamoja, zikiwa laini na zenye lishe nyingi, huku maadui wa kiwavi wakiwa bado wachache. Wanaotega nondo kwa mitego ya harufu na kuangalia mvua wanaweza kujua hatari kabla viwavi hawajatoka kwenye mayai.

Kiwavijeshi vamizi, kwa upande wake, hana uwezo wa kulala kiangazi chote. Anahitaji mmea mbichi mwaka mzima. Katika Iringa mmea huo anaupata kwenye vinyungu, bustani za mabondeni ambazo familia hulima kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Vinyungu vimelisha watu wa nyanda hizi kwa vizazi vingi: mahindi ya kuchoma, maharage, mboga, fedha ya ada ya shule. Sisemi viachwe. Ninachosema ni kwamba mahindi machache ya kinyungu mwezi Septemba yanaweza kuwa daraja la kiwavi kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Kiwavi anayeokotwa na kusagwa kwenye kinyungu mwezi huo ni kazi ya dakika chache. Watoto wa wajukuu zake mwezi Januari ni kazi ya kijiji kizima.

Muda wa kupanda nao una sauti. Wakulima wengi wa nyanda hizi hupanda maharage mara ya pili kuelekea mwisho wa mvua, na maharage hayo ndiyo huteswa zaidi na inzi wa maharage, ambaye mabuu yake hula ndani ya shina karibu na ardhi. Inzi hao wamekuwa wakiongezeka tangu mwanzo wa msimu, na mmea unaopandwa mvua zikipungua hauna nguvu ya kujiponya. Dawa ya kienyeji na ya kitaalamu hapa zinakubaliana: panda mapema, weka samadi, na wakati wa palizi inulia udongo shinani ili mmea utoe mizizi mipya juu ya kidonda.

Miti ya porini iliyatambua haya zamani. Katika miombo ya Iringa na Chunya, majani mapya hutoka Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, na mengi huanza yakiwa mekundu. Mti hutumia maji uliyoyahifadhi ili jani liwe limeshakomaa pale ambapo mvua zitaamsha walaji wengi. Kwa mmea, kuwahi ni ulinzi.

Jani si chakula rahisi

Dunia inaonekana kijani, na mtu anaweza kudhani mla majani hana shida ya chakula. Ukweli ni tofauti. Mwili wa mdudu, ukikaushwa, karibu asilimia 10 ya uzito wake ni naitrojeni. Jani la kawaida lina asilimia moja hadi tano. Mdudu lazima ale majani mengi ili ajenge mwili mdogo, na kila tonge lina vizuizi. Nyasi na mahindi hukusanya silika inayochakaza meno ya kiwavi. Mimea mingine hutia utomvu, nyuzi ngumu, uchungu au sumu.

Hapa ndipo mbolea inapoingia. Jani lenye naitrojeni nyingi ni lishe bora kwa kiwavi pia, na mahindi yaliyopewa urea kwa wingi mara nyingi huvutia na kukuza bungua wenye afya zaidi. Hilo halina maana ya kuacha mbolea, kwani mmea wenye nguvu huvumilia jeraha ambalo mmea dhaifu ungekufa nalo. Maana yake ni kuweka kiasi kinachohitajika, kwa awamu, na kuongeza ukaguzi mara tu baada ya kukuzia.

Uchumi wa nyanda hizi umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya silaha za mimea dhidi ya wadudu. Kafeini inayotuamsha asubuhi, iwe ya chai ya Mufindi na Tukuyu au ya kahawa ya Mbozi, ni kemikali inayowadhuru wadudu wengi. Ruhuni ameshinda kizuizi hicho kwa msaada: tumboni mwake wanaishi bakteria wanaovunja kafeini, hivyo yeye hukulia ndani ya punje ambayo wadudu wengine hawaiwezi.

Pareto ni mfano bora zaidi. Zao hili, linalolimwa Umalila, Uporoto na milima ya Mufindi, na kusindikwa Mafinga, hulimwa kwa ajili ya sumu yake. Viini vyake, vinavyoitwa pairethrini, hukusanyika kwenye mbegu changa ndani ya ua na hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Pareto huhitaji baridi ili itoe maua mengi, ndiyo maana hustawi juu na si bondeni. Ua lake changa pia hutoa harufu inayofanana na ile ambayo vidukari huitoa kuonyana hatari. Vidukari wakiinusa hukimbia, na wadudu wanaowala vidukari huvutiwa nayo. Zaidi ya hayo, pairethrini huvunjika upesi juani, haikai kwenye udongo na maji kama sumu nyingi za viwandani. Mlima uleule unaotupa baridi ya kupunguza wadudu unatupa pia dawa yao.

Majirani wa mmea

Mdudu anayetafuta chakula huongozwa zaidi na harufu. Nondo wa bungua huruka gizani na kuchagua kwa kunusa. Katika shamba la mahindi matupu kila upande una harufu anayoitaka. Katika shamba lenye mchanganyiko, ishara hiyo hufifia. Bibi zetu waliochanganya mahindi, maharage na maboga kwenye tuta moja walikuwa wakifanya kazi ambayo leo tunaielewa vizuri zaidi.

Katika miaka ya 1990, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu ICIPE chenye makao yake Nairobi, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, waliiendeleza elimu hiyo wakatoa mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo na kuwaita nyigu wanaowashambulia viwavi. Matete hupandwa pembezoni. Nondo huyapenda kuliko mahindi, hutaga humo, na viwavi wengi hufa kwenye utomvu wake unaonata. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na matete tayari yako kwenye kontua na mipaka ya mashamba. Familia nyingi huko zina nusu ya mbinu hii bila kuitumia hivyo. Kilichobaki ni desmodiamu, ambayo nayo ni malisho mazuri na hurutubisha udongo.

Kinyume cha mchanganyiko ni zao moja lililotandaa. Mufindi lipo Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kulizunguka kuna maelfu ya mashamba ya watu binafsi ya misindano, saiprasi na mikaratusi. Mwaka 1986 kidukari wa saiprasi aligunduliwa Malawi, na kabla ya miaka ya 1990 kuanza alikuwa ameshaingia Tanzania. Saiprasi inayopandwa hapa asili yake ni Meksiko, na kidukari huyo asili yake ni upande wa kusini mashariki mwa Ulaya na Mashariki ya Kati. Walikutana kwa mara ya kwanza Afrika, mti usio na kinga dhidi yake na mdudu asiye na adui wa kumpunguza, na miti mingi ilikauka. Mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa Malawi, nao uliumizwa. Nafuu ilianza kupatikana pale nyigu mdogo, adui wa kidukari huyo, alipoletwa katika ukanda wetu katika miaka ya 1990.

Hali hiyohiyo iliwakuta wakulima wa nyanya wa Ilula, kando ya barabara kuu ya Zambia. Kantangaze, nondo wa Amerika ya Kusini, alionekana Hispania mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2014. Buu wake huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki. Ilula hulima nyanya kwa umwagiliaji, shamba moja likivunwa jirani akihamisha miche, kwa hiyo chakula cha kantangaze hakikatiki. Palipo na joto la kutosha na nyanya mwaka mzima, vizazi kumi kwa mwaka si ajabu.

Adui wa mlaji

Kila kiwavi shambani anawindwa na sisimizi, buibui, ndege, kuvu na, zaidi ya wote, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wake. Uhusiano huo nao hufuata mwinuko. Mwaka 1993 ICIPE ilimwachia pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes, aliyetoka Pakistan, ili amdhibiti Chilo. Alifanya kazi nzuri kwa Chilo, lakini hawezi kukua ndani ya Busseola, kwa sababu mwili wa kiwavi huyo huyafunika mayai ya nyigu na kuyaua. Nyigu wa asili, Cotesia sesamiae, ana aina mbili: ya bara la juu la Kenya inamshinda Busseola, ya pwani inashindwa. Adui anayefaa bondeni, kwa hiyo, huenda asifae mlimani.

Viwavijeshi vamizi walipoingia, watafiti waliwakuta mapema nyigu na inzi wa asili wa Afrika Mashariki wakianza kuwashambulia, hata hapa Tanzania. Maadui hao hawakuletwa na mtu. Walikuwepo, na walijifunza chakula kipya. Dawa kali inayoua kila kinachotambaa inawaua wao kwanza, kwa sababu nyigu yuko nje akitafuta, ilhali kiwavi amejificha ndani ya kiini cha mche wa mahindi au ndani ya jani la nyanya. Baada ya wiki mbili kiwavi anarudi kwenye shamba lisilo na mlinzi, na mkulima anarudi dukani. Mzunguko huu ninauona kuwa dhuluma kwa mkulima mdogo, na unaweza kukatwa.

Kwa mkulima na afisa ugani

Kabla ya kununua chupa ya dawa, ingia shambani asubuhi, funua ala za majani ya mimea kadhaa katika pembe zote za shamba, ujibu maswali haya. Mdudu huyu ni yupi hasa, na shamba langu liko mwinuko gani? Mvua zimeanza lini, na mmea wangu una umri gani? Msimu uliopita alijihifadhi wapi: kwenye mabua yangu, kwenye kinyungu, au kwa jirani? Nimeweka mbolea kiasi gani, na nimepanda nini kando? Na je, kuna viwavi waliokufa au wenye vifukofuko vyeupe vya nyigu mgongoni? Ukiwaona hao wenye vifukofuko, usiwaue, maana wamebeba walinzi wa shamba lako.

Majibu yakikushinda, yapeleke kwa afisa ugani wako, au kwenye vituo vya utafiti vilivyo karibu: TARI Uyole kwa nafaka, maharage na viazi, na kituo cha TaCRI Mbimba kule Mbozi kwa kahawa. Dai ushauri unaolingana na mwinuko na msimu wa mahali pako, wala usikubali ratiba moja ya kunyunyizia kwa mkoa mzima. Mkulima anayeyajibu maswali haya kila msimu hatanyunyizia bila sababu, na fedha aliyokuwa akiiacha dukani itabaki nyumbani kwake.